Nani Kasema Mama Hatarudi

Swali tuliliacha wiki jana likining'inia juu ya beseni la kaa, na hadi sasa halijashuka.

"Nani kawaambia sitarudi?"

Bi Thoan aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza nani kahamisha mwiko wake. Alikuwa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake cha tambi za kaa, uchochoroni Hải Phòng, pasipoti isiyo na viza imelala mapajani. Bwana Khoát, dalali wa safari, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsomea jibu la ubalozi wa Ucheki: hawaridhiki kwamba mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha.

"Kwa lugha ya sokoni, bibi," Khoát alimfafanulia, "wanasema ukiingia hutoki."

"Sasa hilo kawaambia nani? Mimi sijasema."

Nhàn, binti yake, alikuwa anakoroga supu. Hakugeuka. Mvuke ulimpiga usoni na yeye akauacha umpige.

Wewe msomaji unajua, mimi najua, na Nhàn anajua. Aliyewaambia ni yeye.

Kama ulikosa gazeti, ilikuwa hivi. Mchana mmoja Bi Thoan alikwenda sokoni kuchagua kaa, akasahau simu mezani. Ikalia. Nhàn akapokea. Mwanamke mwenye adabu zake, anapiga kutoka ubalozini Hanoi, ana maswali madogo tu. Mama anauza nini? Anaishi na nani? Akishamwona mjukuu wake, atarudi lini?

Sasa, jioni ya kuamkia siku hiyo Bi Thoan alikuwa amezungumza kwa video na mwanawe wa kiume, Quyết, anayeishi Brno, kule Ucheki. Quyết akamuuliza, "Mama, hutapakumbuka nyumbani?" Mama akacheka, akajibu, "Huku nimeshikwa na nini?"

Nyuma yake, hatua chache tu, Nhàn alikuwa anaosha bakuli. Nhàn aliyerudi kwa mama yake tangu alipoachwa na mume. Nhàn anayeamka naye, anayemkanda magoti, anayempeleka kung'oa meno. Huku nimeshikwa na nini.

Ndipo akaiambia ile sauti ya simuni: "Mama hatarudi. Mdogo wangu amempangia akae huko, amlelee mtoto."

Mwanamke akashukuru, akakata simu. Nhàn alijisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyejikuna kidonda. Raha hiyo ilidumu mpaka mama yake alipoingia na mfuko wa matofaa ya kienyeji aliyomnunulia yeye, kwa kuwa anayapenda.

Haya, turudi kwenye beseni. Swali limeulizwa, na anayelijua jibu ni yule mwenye mwiko.

"Labda ni wewe mwenyewe, mama," Nhàn akasema, macho kwenye supu. "Si ulipokuwa dirishani kule ubalozini uliwaambia magoti yanakuuma?"

Bi Thoan akamrudisha kaa kwenye beseni. Akafikiri.

"Kweli. Nilisema yanauma. Watakuwa wamedhani nakwenda kutibiwa." Akauinua mkono wenye maji ya kaa, akajipiga mdomoni kofi dogo. "Mdomo huu. Mwanangu kahangaika na makaratasi yote yale, mimi nakuja kuharibu kwa mdomo huu."

Akajipiga tena.

Nhàn alimwona. Alikuwa na neno moja tu la kusema kumzuia asijipige. Akaendelea kukoroga.

*

Khoát alivuta kigoda akakaa. Mtu huyu hakuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa popote palipo na mtu aliyenyimwa viza.

"Bibi, tatizo lako si magoti. Tatizo ni kwamba huna wa kukuvuta urudi. Mjane. Mtoto wa kiume yuko kule. Kibanda hakina hata jina. Ungekuwa na mume anayekusubiri, wangekupa. Basi tutakupa mume."

"Mume?"

"Wa karatasi. Hali, hakoromi, wala hakuulizi umetoka wapi."

"Basi ni bora kuliko yule wa kwanza, Mungu amrehemu." Bi Thoan akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nhàn, umesikia? Unapata baba."

"Mama, usimsikilize," Nhàn akasema. "Wakikukamata na cheti cha uongo si Ucheki peke yake. Nchi zote za Ulaya zile zinasoma daftari moja. Hutamwona Quyết maisha."

"Wakinikamata. Na wasiponikamata?"

"Nani atawaambia?" Khoát akadakia. Kisha akamgeukia Nhàn, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Halafu, dada, ubalozi huwa wanapiga simu nyumbani kwa mwombaji. Kwenu hawakupiga?"

Supu ilikuwa inachemka. Bi Thoan naye alikuwa anamtazama.

"Hawakupiga," Nhàn akasema.

"Hawakupiga," Khoát akarudia, akivaa miwani. "Basi sawa."

Aliondoka na jina la Bi Thoan limeandikwa kwenye kiganja chake, akiahidi kurudi na bwana harusi. Mama akawarudia kaa wake. Akavunja gamba moja, la pili, kisha akasema bila kuinua macho:

"Njia hii hutaki, ile hutaki. Mtu asiyekujua atadhani hutaki niende."

*

Siku iliyofuata, baada ya wateja wa mchana kupungua, simu ya Nhàn ililia. Quyết.

"Mama yuko karibu?"

"Kalala kidogo. Nimwamshe?"

"Usimwamshe. Dada, toka nje."

Nhàn akatoka mpaka mwisho wa uchochoro, kwa fundi pikipiki, akasimama kati ya matairi.

"Nimeambiwa kuhusu viza," Quyết akasema. "Kuna njia yoyote ya kuomba tena haraka? Nitalipa chochote."

"Haraka ya nini? Mtoto hatakua kwa wiki moja. Mama atakuja mwakani."

Akasikia pumzi za mdogo wake, fupifupi, kama za mtu aliyepanda ngazi. Akakumbuka kwamba miezi hii yote amekuwa akipumua hivyo, na yeye alidhani ni baridi ya kule.

"Mwakani sijui," Quyết akasema. "Dada, moyo wangu una vali imeharibika. Wananipasua mwezi ujao. Daktari hapa ni mtu mzuri, hanifichi kitu. Alinishauri, kama una mtu unayetaka kumwona, mwite kabla."

Nhàn akashika tairi lililokuwa karibu.

"Mbona hukusema?"

"Mama angejua angekuja huku kwa miguu. Nilitaka aje kwa furaha, amshike mjukuu, aniangalie. Mengine angeyajua akifika. Mke wangu alinigombeza, kwamba niandike ukweli kwenye barua ya mwaliko. Nikaona watu wanakwenda kuona wajukuu kila siku na wanapewa viza. Sijui tumekosea wapi."

Msomaji, yapo maneno ambayo mtu akiambiwa hutamani aliyemwambia angempiga badala yake. "Tumekosea." Quyết alijihesabu na yeye kuwa mkosaji.

"Hamjakosea," Nhàn akasema. "Nitumie barua ya hospitali. Leo hii. Ya kweli, yenye mihuri yote. Tutaomba tena."

"Mama asijue."

"Hatajua."

Alipokata simu, fundi pikipiki alimwuliza kama anataka maji. Nhàn akasema hapana, akarudi kuangalia kama mama bado amelala.

Kabla jua halijazama alikuwa amempigia Khoát simu kumwambia bwana harusi hatakiwi. Khoát hakubishana. Alisema tu, "Dada, nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Mtu akinyimwa kwa sababu ya simu, mimi huwa najua." Kisha akakata.

*

Wakapanda basi la asubuhi kwenda Hanoi. Bi Thoan aliambiwa kwamba Quyết ametuma barua nyingine yenye nguvu zaidi. Ilikuwa kwa Kicheki na tafsiri yake Nhàn aliifunga katikati ya karatasi za bima. Njiani mama alijifunza majibu kama mwanafunzi wa mtihani.

"Niulize tena."

"Unakwenda kufanya nini Ucheki?"

"Kumwona mjukuu."

"Utakaa wapi?"

"Kwa mwanangu, Brno. Magoti yangu ni mazima."

"Hayo ya magoti hawajayauliza, mama."

"Nimeyaweka tayari."

Ukumbini palikuwa na watu wamekaa na mafaili yao mapajani, kila mmoja ananong'ona majibu yake. Msichana mmoja anayekwenda kuolewa alikuwa anamsomesha mama yake jina la mkwe. Mzee mmoja alikuwa anakula mkate kwa siri ndani ya koti.

Namba yao ikaitwa. Kwa kuwa sikio moja la Bi Thoan ni zito, Nhàn aliruhusiwa kusimama naye. Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa makamo, nywele zimebanwa kisogoni.

"Karibuni. Bibi, picha hii ina kivuli shavuni. Mashine ya picha iko pale mlangoni, piga nyingine uniletee."

Nhàn akainua kichwa. Si kwa sababu ya picha. Sauti. Ilikuwa ile ile ya simuni.

Bi Thoan akaondoka akichechemea. Nhàn akabaki mbele ya kioo, na kabla hajapata muda wa kuogopa akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Ni wewe uliyenipigia simu."

"Nawapigia wengi."

"Uliniuliza mama yangu atarudi lini. Nikakujibu hatarudi. Ulikuwa uongo."

Mwanamke akaacha kugeuza karatasi.

"Upi ndio uongo? Wa siku ile au huu wa leo?"

"Wa siku ile. Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka abaki."

"Na leo unataka aende. Mimi nitajuaje siku gani unasema kweli?"

Nhàn hakuwa amelitegemea swali hilo.

"Hutajua," akasema. "Ila siku ile nilisema jikoni, hakuna aliyeniona. Leo unaniona. Hiyo barua katikati ya karatasi za bima ni ya hospitali. Mdogo wangu anapasuliwa moyo, huenda asiamke. Mama hajui, anadhani anakwenda kumbeba mjukuu. Mdogo wangu akifa hajamwona mama yake, aliyewatenganisha si nyinyi. Ni mimi."

Mwanamke akaitoa barua. Akaisoma yote, asiruke mstari.

"Atarudi?"

"Atarudi. Nitakwenda kumpokea mwenyewe uwanja wa ndege."

"Asiporudi, atakayeulizwa kwanza ni huyo mgonjwa aliyemwalika. Na siku mtu mwingine wa nyumba yenu akija kwenye dirisha hili, tutalikumbuka jina. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika kwamba nimesema mimi."

Mwanamke hakuandika. Macho yake yalikuwa yamepita bega la Nhàn. Hapo ndipo Nhàn akagundua kwamba ukumbi mzima umekaa kimya. Msichana wa kuolewa alikuwa ameweka faili mdomoni. Yule mzee mkate umemkwama shavuni.

Vipaza sauti vya madirisha, ndugu msomaji, vimewekwa ili walio mbali wasikie.

Bi Thoan alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, picha mpya mkononi anazipepea zikauke. Mkono ukaacha kupepea. Akaja mpaka dirishani kwa mwendo wake wa siku zote, akapitisha picha kwenye uwazi wa chini ya kioo.

"Hizi hazina kivuli," akasema.

*

Nje waliketi kwenye benchi la mawe. Nhàn alinunua chai ya barafu ambayo hakuna aliyeinywa.

"Moyo wa upande gani?" mama aliuliza.

"Moyo ni mmoja, mama. Ni vali. Mlango wake mdogo haufungi vizuri."

"Tangu lini?"

"Sijui. Aliniambia juzijuzi."

Bi Thoan akatikisa kichwa. Hakulia. Alilia ndani ya basi, mbele za watu, akiwa amegeukia kioo, na Nhàn alipompa leso aliipokea bila kumtazama. Walipokaribia nyumbani ndipo akasema:

"Siku ile ulinisikia nikizungumza na mdogo wako."

"Nilisikia."

"Na bakuli ukazimaliza kuosha."

"Nikazimaliza."

"Hilo la simu nimelielewa. Mtu akiumizwa huumiza." Akaikunja leso mara mbili, akaiweka mapajani. "Lakini mimi nilijipiga mdomo huu mbele yako, Nhàn. Mara mbili. Na wewe ukaendelea kukoroga."

Basi likasimama, wakashuka.

Viza ikatoka. Mwanamke wa dirishani alipiga simu mwenyewe, na safari hii aliomba kuzungumza na Bi Thoan tu. Majirani wakaja na zawadi: kamba wakavu, tambi nyekundu, chupa za mchuzi wa samaki za kumpelekea Quyết. Mama aliwashukuru wote. Kwa binti yake alisema yale ya lazima tu: lete kisu, funga mlango, supu imezidi chumvi. Nhàn alimkanda magoti kila jioni, naye aliyatoa yakandwe, akitazama ukutani.

Sanduku alilifunga mwenyewe. Nhàn alipotaka kusaidia, aliambiwa, "Wewe kamalize kaa."

*

Uwanja wa ndege wa Nội Bài ulikuwa umejaa familia nzimanzima zinazomsindikiza mtu mmoja. Bi Thoan alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Mbele ya kaunta, sanduku lilipowekwa kwenye mizani, kijana wa shirika la ndege akakunja uso.

"Bibi, limezidi uzito. Punguza kitu."

"Siwezi kupunguza."

"Basi haliendi."

Nhàn akapiga magoti sakafuni kulifungua. "Acha," mama akasema haraka, lakini zipu ilikuwa imeshafika mwisho.

Juu kulikuwa na kamba wakavu. Akawatoa. Chini yake mchuzi wa samaki. Akautoa. Kisha shali ya sufu, imeviringishwa kitu kigumu chenye pembe nne. Nhàn akaifunua upande mmoja.

Baba yake akamtazama.

Ilikuwa picha ya madhabahuni, ile rafu ya ukutani wanapofukiziwa udi wafu wa nyumba, yenye fremu yake nyeusi na masizi ya udi kwenye ukingo, picha ambayo haikuwahi kushushwa ukutani tangu walipomzika isipokuwa kufutwa vumbi. Mtu anayekwenda kutembea mwezi mmoja habebi picha ya mumewe kutoka madhabahuni. Anayeibeba anahama na wafu wake.

Nhàn hakuinuka. "Mama," akasema, "unarudi lini?"

Bi Thoan akainama kwa shida, magoti yakalia, akawa sawa naye uso kwa uso. Alizungumza chini, ili kijana wa kaunta asisikie.

"Ulichowaambia kwenye simu, mwanangu, hukudanganya. Nilikwisha kata shauri tangu mtoto wa Quyết alipozaliwa. Nilishindwa kukuambia usoni. Ndiyo maana nikayasema kwenye simu, nikijua uko nyuma yangu na unasikia." Akashusha pumzi. "Umejitesa bure siku zote hizi, na mimi nikakuacha ujitese. Nilikuwa na haya. Nikaona bora mkosaji awe wewe."

"Nimewaapia, mama. Dirishani. Kwa jina langu."

"Nilikusikia."

"Atakayeulizwa ni Quyết."

"Quyết akipona atajibu. Asipopona, yule mtoto atamlea nani? Mama yake anafanya kazi kutwa. Wewe una miguu yako, Nhàn. Mtoto yule hajasimama."

Akairudisha shali juu ya uso wa mumewe, akaanza kupanga upya. Wale kamba wakavu aliwasukuma upande wa Nhàn.

"Dada," kijana wa kaunta akaita. Alikuwa anatazama kompyuta yake, na nyuma yake alikuwa amesimama msimamizi wake, mwanamke mwenye beji. "Bibi namwuliza hanisikii. Tiketi yake ya kurudi naiona hapa, ya mwezi ujao, lakini jana limeletwa ombi kwa jina lake ifutwe, na nisipoithibitisha siwezi kumpandisha. Wewe ndiye binti yake?"

"Ndiye mimi."

"Basi nithibitishie wewe. Atarudi, au harudi?"

Bi Thoan alikuwa bado sakafuni, kiganja kimekaa juu ya sanduku. Hakumbembeleza binti yake, wala hakumkonyeza. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mteja ambaye bado hajaamua anataka bakuli kubwa au dogo.

Nhàn alishika ukingo wa kaunta, akainuka, akafungua mdomo.